Jumanne, Alhamisi na Jumamosi

Jumatatu, 15 mwezi wa tisa 2025

Guylain, huna haya hata kidogo. Daftari la karatasi nzito namna hii, jalada gumu, mpaka na utepe wa kuweka alama, na wewe unalitupa kwenye pubele ya takataka pamoja na maganda ya viazi! Mimi nilisoma miaka minne tu kwa masista wa Bukavu, na daftari moja tuligawana watoto wawili, mmoja anaandikia mbele, mwingine nyuma. Nimelitoa, nimelipangusa, sasa ni langu. Nitaandika Kiswahili kile masista walitufundisha, na kikinishinda nitaandika cha nyumbani. Ukitaka kujua mama yako anafikiri nini juu yako, soma.

Mjukuu wangu Ornella, binti wa huyo huyo Guylain, ndiye anayenisomea Kifaransa kilichochapwa humu. Anasema madaftari haya waligawiwa watu wa kiwanda cha magari cha Forest, hapa Bruxelles, kile kilichofungwa mwezi wa pili. Mwanangu alikaa mule miaka ishirini na miwili akiweka milango kwenye magari mapya. Sasa wanamwita kwenye mafunzo. Mwalimu ni kasichana kamoja kanaitwa Tasnim, na kanawafundisha watu wazima neno la Wajapani: ikigai. Nikamwuliza Ornella, naye huniita Koko, yaani bibi.

— Ni kitu gani hicho?
— Koko, ni ile kitu inakuamushaka asubuhi.
— Kibofu.
— Koko! Hapana. Ni ile inafanya upende kuamuka.

Nina miaka sabini na mmoja, nimekimbia vita mara mbili, na sijasikia hata siku moja mtu akimwuliza mwingine kama anapenda kuamka. Unaamka kwa sababu kumekucha.

Ukurasa wa kwanza una duara nne zilizopandana: unachopenda, unachoweza, dunia inachohitaji, na ambacho watu watakulipa kwacho. Guylain aliacha zote tupu. Ila katikati, pale zinapokutana, ameandika siku tatu: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Basi.

Jumanne, 16

Mvua. Guylain aliamka mwenyewe, akanyoa ndevu, akatoka akipiga mluzi.

Jumatano, 17

Leo nilimvuta blanketi mara tatu. Alikuwa amegeukia ukuta kama mtoto mwenye homa.

— Maman, leo niache.
— Nikuache uoze? Amuka!

Ni lazima atoke. Mwezi wa tatu, mbele ya wamama wote wa kanisa, Maman Mbombo aliniuliza kwa ile sauti yake ya tarumbeta: «Na Guylain, sasa anafanya nini?» Nikajibu kabla sijafikiri: amepata kazi Zaventem, kwenye uwanja wa ndege, kazi nzuri kuliko ile ya kwanza. Wakapiga makofi. Wakamshukuru Mungu. Na Maman Mbombo anakaa ng'ambo ya barabara yetu hapa Schaerbeek, dirisha lake linatazama mlango wetu. Donc kila asubuhi saa kumi na mbili Guylain anatoka na sanduku lake la chakula, na saa tisa anarudi. Anaenda wapi, siulizi. Nadhani anapanda tram mpaka mwisho wa njia na kurudi nayo.

Alhamisi, 18

Mluzi tena.

Jumamosi, 20

Ametoka, na shati limepigwa pasi. Uwanja gani wa ndege wa uongo unafanya kazi Jumamosi? Aliyepiga pasi ni Rolande, mke wake. Nilimwona kwa macho yangu, anapiga kola kwa uangalifu.

— Anaenda wapi na shati safi?
— Maman, yeye ni mutu muzima, Rolande akanijibu bila kuinua kichwa.

Anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, amezoea kujibu watu waliochanganyikiwa. Mimi sijachanganyikiwa. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Ni mwanamke.

Alhamisi, 25

Juu ya ukurasa huu wanauliza: Mara ya mwisho ulicheka sana ilikuwa lini, na nani?

Wajapani hawana adabu.

Bon. Ilikuwa siku moja kabla ya Pasaka, na Marie-Jeanne. Tulikuwa jikoni mwa kanisa tukisafisha sambaza, vile vidagaa vya ziwa la kwetu, na Marie-Jeanne akaigiza namna padri wa hapa anavyosema jina langu. Nilicheka mpaka nikakalia ndoo. Marie-Jeanne na mimi tulifika nchi hii pamoja, tukalala kitanda kimoja kwenye kituo cha wakimbizi majira ya baridi mazima, yeye upande wa ukuta kwa sababu alikuwa mwembamba. Hana mtoto, hana ndugu huku. Alikuwa na mimi.

Kesho yake, Pasaka yenyewe, nilipika sombe, majani ya muhogo, na maharagi na zile sambaza. Nikampakulia yeye wa kwanza. Akasukuma sahani. Akasema, «Euphrasie, leo hapana.» Hata kijiko kimoja hakuonja, mbele ya wamama wote.

Mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa. Ukisukuma sahani ya mwenzako mbele ya watu, umesema ndani yake kuna karuho, sumu. Umesema mpishi anaua. Maman Mbombo akaweka uma wake chini, polepole. Nikamwambia Marie-Jeanne: tangu leo usijue mlango wangu. Akaondoka akishika ukuta. Hakugeuka. Miezi mitano sasa haji kanisani, na mimi simpigii simu. Aliyenitukana ni yeye. Aanze yeye.

Ndio jibu langu. Mara ya mwisho ni ile.

Jumapili, 28

Mvua. Miguu inauma.

Alhamisi, 2 mwezi wa kumi

Nilinusa shati lake kabla ya kulifua. Linanuka dawa ya hospitali, na mafuta ya kujipaka ya mwanamke mzima, yale mazito ya glycerine. Hata si kijana!

Jumamosi, 4

Nimemngoja mlangoni.

— Anaitwa nani?
— Nani, Maman?
— Ule mwanamuke wa Jumamosi.

Akacheka. Tangu kiwanda kifungwe sikuwa nimesikia kicheko chake, nikakasirika kwa sababu kilinifurahisha.

— Maman, ule eko na soixante-treize ans.
— Unanichekelea?
— Sabini na tatu. Na anakupita kwa kugomba.

Nikampiga na kitambaa cha sahani. Ananitania mimi, mama yake, kuhusu uzinzi wake!

Jumatatu, 6

Kitandani. Nilimtoa.

Jumatano, 8

Kitandani. Nilimtoa. Sasa nimeona: siku nyingine zote anatoka kama mfungwa, ila zile tatu anatoka kama bwana harusi.

Jumanne, 14

Leo nchi nzima imegoma. Hakuna tram, hakuna basi. Nikasema basi, leo hata huyo mwanamke atakaa bila yeye. Saa kumi na moja nikasikia maji bafuni. Akavaa koti la mvua, akatoka kwa miguu. Alirudi saa kumi jioni, viatu vimejaa maji, akalala mezani uso ukiwa kando ya sahani. Nikamvua viatu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimejikunja. Mwanamume hatembei hivyo kwa ajili ya uzinzi. Kwa ajili ya nini basi?

Ijumaa, 17

Yule Tasnim amekuja nyumbani. Ni mdogo kweli, amevaa kilemba cha kijani, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampa chai. Ornella akakaa katikati yetu kutafsiri.

Nilimwambia aone haya. Mwanangu amepoteza kazi, na yeye anampa duara za kuchora. Ornella akakataa kutafsiri sehemu moja, nikamkodolea macho, akatafsiri.

Tasnim hakukasirika. Alisema ni kweli, zile duara si za wazee wa Japani, ziliongezwa na watu wengine huku, kwa sababu ofisi zinapenda michoro. Alisema kwa wazee wenyewe ikigai inaweza kuwa kitu kidogo kabisa. Kumwagilia chungu kimoja cha maua. Kusikia miguu ya mjukuu kwenye ngazi. Bibi yake, anayekaa mitaa miwili kutoka hapa, yake ni kumlisha paka wa jirani, na anamtukana huyo paka kila siku.

Nikasema huyo bibi namwelewa.

Kisha akaweka kikombe chini, akasema Guylain hajaja mafunzoni Jumanne hata moja. Siku alipomwuliza kwa nini ameandika zile siku tatu katikati ya duara, alilia, mbele ya wenzake wa kiwandani, wanaume wote. Akauliza kama mimi najua ni kwa nini.

Mama wa mtoto akiulizwa hivyo na mgeni, anajibu nini? Nilisema ndiyo, najua. Nikampa mandazi ya kubeba.

Guylain aliporudi nikamwuliza kwa sauti ya chini. Sauti hiyo situmii mara nyingi.

— Niliapa, Maman. Siwezi kukuambia.
— Uliapa kwa nani?
— Kwa mutu anakupenda.

Akaingia chumbani.

Alhamisi, 23

Naandika kwa sababu nisipoandika nitavunja kitu.

Saa saba mchana Ornella alitoka shuleni mapema, akamkuta baba yake ameketi kwenye ngazi za jengo, nje ya mlango wetu. Hakuingia. Nilitoka. Alikuwa ameshika begi dogo la mwanamke, la kahawia, lenye zipu iliyoshonwa na uzi mwekundu. Ule uzi niliushona mimi, kule kwenye kituo cha wakimbizi.

— Maman, akaniambia, Maman Marie-Jeanne amekufa.

Nikasema, amekufaje, alikuwa anaumwa nini? Nikasema, na wewe begi lake umelitoa wapi? Aliniambia yote pale pale kwenye ngazi, wapangaji wakitupita.

Figo zake zilikuwa zimekufa tangu mwanzo wa mwaka. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alipaswa kwenda hospitali, mashine isafishe damu yake saa nne nzima. Alikuwa anakaa Forest, orofa ya tatu, na lifti ya jengo lake ni mbovu. Mwezi wa tatu, siku zile za kwanza nilizomtoa Guylain nyumbani kwa nguvu, miguu yake ilimpeleka njia ile ile ya kazini. Akamkuta Marie-Jeanne ameketi kwenye ngazi, nusu ya safari, na taksi ya wagonjwa inapiga honi nje. Alimbeba mpaka chini. Jumamosi akarudi, akambeba tena. Tangu siku ile hakukosa. Alimwosha uso, alimpaka mafuta, alimpikia uji usio na chumvi, alingoja hospitali, akampandisha tena. Rolande ndiye aliyemfundisha namna ya kumwinua mgonjwa bila kumwumiza. Rolande alijua. Ornella alijua.

Asubuhi hii wamefika chini, mlango wa jengo uko wazi, taksi iko pale, na amefia mikononi mwake.

— Kwa nini hamkuniambia?
— Alikataza, Maman. Alisema: «Acha Euphrasie akasirike. Akinikasirikia eko muzima. Akijua nakufa, ataacha kula.»

Nikampiga mwanangu kifuani na ngumi mbili. Hakujikinga. Kisha nikakaa kando yake kwenye ngazi.

Jumapili, 26

Wamerudisha saa nyuma, kama wanavyofanya huku kila mwaka kabla ya baridi. Saa moja zaidi ya siku hii, nani aliiomba?

Kilio kiko kwenye ukumbi wa parokia. Wamama wamekuja na thermos na mikate. Nimekaa kwenye mkeka karibu na picha yake. Sijalia bado. Wote wananitazama.

Alhamisi, 30

Nitaandika nilichofanya, kisha Mungu asome.

Kwetu, kabla ya kuzika, lazima mtu mmoja asimame kwenye kilio aeleze ugonjwa. Ulianza lini, nani alimpeleka hospitali, alikula nini mwisho, alisema nini mwisho. Ni haki ya marehemu. Na asipoelezewa ugonjwa wake, watu wanajitungia maelezo wenyewe.

Kiongozi wa kanisa akauliza: «Nani alimuguza mama yetu? Asimame atuambie.» Nikamwona Guylain upande wa wanaume anashika kiti cha mbele yake ili ainuke. Macho yake yalikuwa yamevimba, ila uso ulikuwa umetulia, uso wa mtu anayejua kazi yake.

Na mimi nikamwona Maman Mbombo. Nikahesabu haraka kichwani. Jumanne asubuhi, Alhamisi asubuhi, tangu mwezi wa tatu. Watauliza: na Zaventem? Na uwanja wa ndege? Wale waliopiga makofi watanitazama mimi.

Nikatikisa kichwa. Mara moja tu. Guylain aliona. Alibaki nusu amesimama, nusu amekaa, kisha akakaa.

Kiongozi akangoja. Hakuna aliyesimama. Akasema, bon, tuombe.

Ijumaa, 31

Tumemzika. Ardhi ya hapa ni nyeusi na inashikamana na viatu. Guylain hakurusha udongo.

Jumamosi, 1 mwezi wa kumi na moja

Hakuamka.

Jumanne, 4

Hakuamka. Sikumvuta blanketi.

Alhamisi, 6

Niliweka uji kando ya kitanda. Jioni uji ulikuwa pale pale, una ngozi juu.

Jumamosi, 8

Rolande amenisimamisha jikoni, bado amevaa koti la kazi.

— Maman, mi nawaona kila siku, wazee banageukia ukuta. Najua namna inaanzaka. Bwana yangu anageukia ukuta.
— Unataka nifanye nini?
— Alikuwa na kazi moja tu imebaki, kueleza ugonjwa. Njo ile ulimunyanganya.

Miaka kumi na tisa yuko nyumbani mwangu, hajawahi kunisemesha hivyo.

Jumapili, 16

Leo chai ya kanisa, zamu yangu. Nilipeleka sambusa themanini. Nimerudi na sambusa themanini.

Mwanzoni sikuelewa. Nikampa Maman Mbombo, akasema ameshiba. Nikampa wa kando yake, akasema daktari amemkataza mafuta. Kisha kitoto kimoja kikanyoosha mkono, na mama yake akakivuta kama vile sahani inaungua. Hapo nikaelewa. Marehemu alikataa chakula cha Euphrasie, Euphrasie akamfukuza, miezi sita baadaye amekufa, na hakuna aliyesema alikufa kwa nini. Wamejitungia maelezo wenyewe.

Nilitembea mpaka nyumbani na sufuria. Nilitaka kukasirika na sikuweza. Nani alifunga mdomo wa yule aliyejua?

Jumanne, 18

Nimekwenda Forest na Ornella kutoa vitu vya Marie-Jeanne, mwenye nyumba anataka funguo. Ngazi zile! Nilipumzika mara tano, na mimi nabeba mkoba tu. Kila ngazi zinapopinda, ukuta umechakaa mahali bega la mtu limepita na kupita.

Jikoni, kwenye mlango wa friji, kuna karatasi. Ni maandishi ya mwanangu, herufi kubwa ili mzee asome. Juu ameandika HAPANA. Chini: chumvi. Ndizi. Maharagi. Sombe. Samaki wa kukauka. Na tarehe hospitali walipomkataza: tarehe 11 mwezi wa nne.

Pasaka ilikuwa tarehe 20.

Sahani yangu. Sombe, maharagi, sambaza za chumvi. Ningemwua kweli, na kijiko cha upendo. Angeweza kusema, «Daktari amekataza», ila angesema hivyo mbele ya Maman Mbombo, na Bruxelles nzima ingejua anakufa. Akachagua nimchukie mimi peke yangu.

Nilikaa sakafuni mwa jikoni ile. Ornella akaniambia, «Koko, inuka, ni baridi.» Nililia huko, kwa sauti, kama tunavyolia kwetu, mpaka jirani akagonga ukuta. Nikamgongea na mimi.

Jumatano, 19

Nilikaa kwenye kitanda cha Guylain, upande wa miguu.

— Tarehe sita mwezi ujao ni siku ya kuondoa kilio, ya kufunga msiba. Utasimama, utaeleza ugonjwa.
— Ulinikataza, Maman.
— Nilikosea.

Akageuka, akanitazama. Nadhani alitaka kuona ni nani aliyesema.

— Na Zaventem?
— Zaventem ni kazi yangu. Wewe eleza ugonjwa tu.

Alikunywa uji, vijiko vinne.

Jumamosi, 29

Hakuamka, lakini ameomba wembe. Ameuweka kando ya mto.

Niliuchukua. Nikasema nitampa mwenyewe tarehe sita, bafuni, mlango wazi. Akasema, «Maman, ni ya ndevu.» Nikasema najua. Sikujua.

Jumapili, 7 mwezi wa kumi na mbili

Jana ndiyo ilikuwa siku.

Alinyoa. Shati lilimpwaya. Ukumbini watu walikuwa kama hamsini, na chakula nilichopika kilikaa kwenye meza ya peke yake, kimefunikwa. Kabla kiongozi hajauliza lolote mimi nikasimama. Nikashika mgongo wa kiti cha Maman Mbombo, na yeye hakuthubutu kukisogeza.

Nikasema: «Wamama na wapapa. Guylain hana kazi Zaventem. Hajawahi kuwa nayo. Tangu kiwanda kifungwe hana kazi, na mimi ndiye niliyewadanganya, kwa sababu niliona haya juu ya mtoto wangu. Mlipiga makofi, nikayala makofi yenu. Na siku ya kilio alitaka kusimama, mimi nikamzuia kwa kichwa, hivi. Sasa mumsikilize. Atakayekohoa nitamtoa nje.»

Guylain akaja mbele. Nilidhani atasema maneno mawili. Alisema karibu saa nzima, mikono ikiwa nyuma.

«Maji yake ilikuwa nusu lita kwa siku, na dawa humo humo. Kiu ilimutesa kupita maumivu. Nilikuwa natengeneza barafu ndogo ndogo na tone ya ndimu, ananyonya moja saa ine, moja saa nane. Alikuwa anaziita bonbon, pipi zake. Ngazi zake ni sitini na moja. Ya kumi na tisa inalegea, nilikuwa nairuka, na yeye anahesabu ku sikio yangu, akifika kumi na nane anasema, “Ruka, chauffeur.” Mi nilifanya milango ya gari miaka ishirini na mbili, nilijua ku sauti kama mulango imeshika muzuri. Kwake nilijifunza sauti ya pumzi. Nilijua siku nzuri na siku mubaya kabla hajafungua macho.»

Hakuna aliyekohoa.

«Bananifundishaka ku mafunzo, nini inakuamusha asubuhi. Mi nilikuwa najua. Siku tatu kwa wiki nilikuwa najua. Chini ya jengo yake kuko boulangerie. Kila mara tukifika chini, alisema, “Ngoja kwanza.” Alitaka kusikia bile banapandisha ile chuma ya dirisha, na harufu ya mkate inatoka. Mkate yenyewe hapana, chumvi. Harufu tu. Alifunga macho, anatabasamu kama mutoto. Taksi inapiga honi, yeye, “Ngoja.” Siku ya mwisho vilevile. Alisema ngoja, mi nikangoja. Chuma ikapanda. Nikamwambia, sasa twende, Maman. Alikuwa amekwisha kwenda.»

Kisha akaeleza Pasaka na ile karatasi ya friji, na hakuongeza neno juu yangu. Hakuwa na haja.

Watu walilia vizuri, kilio cha kweli, kile tulichomnyima siku arobaini. Maman Mbombo mwenyewe alifunua sufuria yangu, akajipakulia sombe mlima mzima, akala akiwa amesimama mbele ya wote, machozi yanamwangukia kwenye sahani. Sikumshukuru. Nilimwongezea.

Guylain hakula. Aliketi, na nikaona uso wake unafungwa tena, taratibu, kama duka. Amekwisha kueleza. Sasa kazi hiyo nayo imekwisha.

Jumatatu, 8

Hakuamka.

Nilikuwa nimejidanganya kwamba ataamka. Rolande ameniambia inaweza kuchukua muda mrefu, na kwamba Alhamisi atampeleka kwa daktari, ameshachukua rendez-vous. Tasnim amepiga simu, anasema hamdai kitu, atakuja tu kunywa chai. Mimi nilikaa kando ya kitanda tangu saa kumi na mbili. Saa mbili nilisema maneno fulani mabaya juu ya supu ya Wabelgiji, na kona ya mdomo wake ikasogea. Nimekaa saa mbili kwa ajili ya kona ya mdomo, na kesho nitaikalia tena. Nadhani ndicho kile kitu. Nisingempa Mjapani yeyote raha ya kunisikia nikisema.

Lakini mimi peke yangu sitoshi, nitamchosha. Mtu akifiwa tunakaa naye. Huyu amefiwa na kiwanda, amefiwa na Marie-Jeanne, na tumekaa naye siku ngapi? Hata moja. Ornella, andika haya kwenye telefoni, uyatume kwa wamama wote wa kanisa, usibadilishe neno:

Wamama, kuanzia kesho Jumanne mnakuja kukaa na Guylain, kila mmoja asubuhi yake, saa moja mpaka saa nne. Mlango utakuwa wazi. Hamtamwuliza kazi, hamtamwombea kwa kelele, hamtamvuta blanketi. Mtakaa, mtasuka, mtachambua mboga, mtasengenya, asikie kuna watu. Akitaka kuongea mnamsikiliza, akinyamaza mnanyamaza. Maman Mbombo, wewe uko karibu, unaanza wewe. Vuka barabara, na sauti hiyo uiache kwako.